Mizungu ya Karata

Lugha yetu ilikwisha kuyapima mambo haya kabla hatujayafungulia vitabu. Tunasema kiinimacho, na neno lenyewe linataja mahali pa tukio: ajabu haikutendeka mezani wala mkononi mwa mchezaji, imetendeka katika kiini cha jicho la mtazamaji. Tunasema mazingaombwe kwa yale yanayofanywa mbele ya kadamnasi. Na kwa zile hila ndogo za akili na mkono tunalo neno la kale, mizungu, ambalo ndilo hilo hilo tulilozipa karata zenye sura za watu. Bibi ni mzungu wa pili, ghulamu ni mzungu wa tatu, basha ni mzungu wa nne. Anayeucheza wahedi wa sitini anajua kwamba nambari hizo ni hesabu ya pointi: bibi ana mbili, ghulamu tatu, basha nne, ilhali ree ina kumi na moja na saba ina kumi. Pointi zote ni 120, na aliyefikisha 61 ameshinda. Hata shupaza, kopa, uru na pau ni maneno ya Kireno yaliyokaa kwetu hadi yakasahau kwao. Wareno waliitoka ngome ya Mombasa mwaka 1698, wakairejea kwa muda mfupi miaka thelathini baadaye, wakaondoka moja kwa moja. Karata zao hazikuondoka. Zimo barazani hadi leo.

Mimi nilizijua karata kama kila mtoto wa mjini alivyozijua, kwa kusimama nyuma ya wazee na kukatazwa kusema nilichokiona. Matumizi yake ya pili, yale ya kumfanya mtu aone lisilokuwapo, niliyajua ukubwani, na niliyajua kwa vitabu. Jambo hili linahitaji maelezo, kwa kuwa sisi watu wa visiwani hatujazoea kujifunza sanaa kutoka katika karatasi. Fundi wa jahazi hufunzwa na fundi, mpiga udi hukaa miguuni pa mpiga udi, na mshairi, hata awe amesoma vipi, hujua kwamba mizani aliipokea kwa sikio kabla ya kuihesabu kwa vidole. Lakini mwenye mizungu hana mwanafunzi. Siri yake ndiyo riziki yake, na anayeiuliza huonekana mwizi. Hivyo kilichobaki kwangu ni kitabu, ambacho hakina wivu wala haya.

Nilianza na The Royal Road to Card Magic, kilichotungwa na Jean Hugard na Frederick Braue katikati ya karne ya ishirini. Ni kitabu cha kiwalimu: kinamshika mwanafunzi mkono kuanzia namna ya kuchanga karata, na baada ya kila fundisho humpa michezo ya kulifanyia kazi. Kutoka hapo nilipanda kwenye kitabu ambacho wote wanaoshughulika na fani hii hukirudia kama wanafunzi wa fikihi wanavyourudia msingi wao, nacho ni The Expert at the Card Table, kilichotoka Chicago mwaka 1902. Mwandishi wake alijiita S. W. Erdnase. Ukilisoma jina hilo kinyumenyume unapata E. S. Andrews, na baada ya zaidi ya miaka mia moja ya upekuzi bado watu hawajakubaliana alikuwa nani. Nusu ya kwanza ya kitabu inafundisha udanganyifu wa mezani, ule wa kumnyang'anya mtu fedha zake kwa karata. Nusu ya pili inafundisha mizungu ya kustarehesha. Katika utangulizi wake hajifanyi mtu mwema, na anasema bila kupepesa kwamba anaandika kwa sababu ana haja ya pesa. Kijana mmoja wa Ottawa, Dai Vernon, aliyezaliwa mwaka 1894, alikisoma kitabu hicho tangu utotoni, akakisoma hadi akafa na umri wa miaka 98. Mwaka 1922, huko Chicago, alimwonyesha Harry Houdini karata iliyotiwa saini, akaiweka chini ya ile ya juu, ikapanda juu. Akarudia mara kadhaa. Houdini, aliyekuwa akijisifu kwamba hakuna wa kumdanganya akionyeshwa mchezo mara tatu, hakupata jibu.

Kujifunza kwa kitabu kuna taabu yake ya pekee. Mikono miwili imeshika karata, na kitabu kinataka mkono wa tatu wa kukizuia kisijifunge. Mimi nilikizuia kwa kinu kidogo cha shaba, kile cha kupondea iliki. Sentensi moja ya Erdnase hutaja vidole vinne kwa wakati mmoja, kila kimoja na kazi yake. Unasoma neno, unasogeza kidole, unarudi kwenye neno, na kidole kimekwisha kuhama. Kuna michoro zaidi ya mia iliyochorwa na M. D. Smith kwa kutazama mikono ya mwandishi, lakini mchoro hausemi mwendo ulikuwa wa haraka au wa pole, na katika fani hii mwendo ndio maana. Nilikaa miezi juu ya tendo moja la kuitoa karata ya pili badala ya ile ya juu. Vidole vyangu, vilivyozoea chaki, vilitoka malengelenge, kisha vikakakamaa, kisha siku moja vikafanya vyenyewe bila ya kuulizwa.

Taabu ya pili ilikuwa ya lugha. Maneno ya ufundi huu kwa Kiswahili sikuyakuta, nikalazimika kujitungia ya kutumia peke yangu. Ule mwanya mwembamba ambao kidole kidogo huuhifadhi kati ya karata nimeuita ufa. Kuificha karata kiganjani nimekuita kuamini, kwa kuwa karata imewekwa amana. Na lile tendo kuu la kumfanya mtu achague karata uliyokwisha kumchagulia, huku akiapa kwamba amechagua kwa hiari yake, lilinisumbua sana. Wenyewe hulitaja kwa neno la mabavu, na mabavu hayamo ndani yake. Mwishowe nililiita kukirimu. Mwenye nyumba hupanga sahani ili lile pande zuri la nyama liwe upande wa mgeni. Mgeni hunyoosha mkono, hulitwaa, na hushukuru bahati yake. Hakuna aliyemshika mkono.

Baada ya vidole, vitabu vilinipeleka kwenye akili, na hapo ndipo wapenzi wa ushairi watakapoyaona mambo wanayoyajua. Wahispania wawili walinisomesha zaidi ya wengine: Arturo de Ascanio, mwanasheria aliyefariki mwaka 1997, na Juan Tamariz, aliyezaliwa Madrid mwaka 1942. Ascanio alieleza kwamba kati ya tendo la siri na ajabu inayoonekana sharti pawekwe nafasi, kama mabano ya usahaulifu, ili mtazamaji anapofikia ajabu awe hawezi tena kuunganisha ncha mbili za uzi. Tamariz, katika kitabu chake kiitwacho The Magic Way, anaeleza kwamba mtazamaji huja na majibu yake mkononi. Mchezaji stadi huyatazamia majibu hayo na kuyafunga mlango mmoja mmoja kabla ya kufika mwisho, hata mtazamaji abaki na ajabu tupu. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka fumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika enzi ya Wamazrui, aliwatungia watu wake mashairi ambayo msikilizaji mvivu huyaona ya mke au ya chombo, na mwenye habari za mji huyaelewa vingine. Yeye naye aliyajua majibu ya wasikilizaji kabla hawajayatoa. Na nani asiyeijua ile pumzi mwishoni mwa ukwapi, pale ghani inapotua na sikio linapopumzika likingoja utao? Mchezaji wa karata huitafuta pumzi hiyo hiyo. Watu wakicheka, macho hulegea. Na macho yakilegea, mkono hufanya kazi yake. Mimi nilifunzwa mizani na marehemu babu yangu, na naamini kwamba niliyaelewa maelezo ya Wahispania hawa haraka kuliko nilivyovielewa vidole vya Erdnase kwa sababu ya masomo yale ya ubarazani.

Wataalamu wa saikolojia nao wamefika hapa, na aghalabu wamethibitisha kwa hesabu yale yaliyojulikana kwa uzoefu. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, huko Marekani, waliwaonyesha watu filamu fupi ya wachezaji wanaorushiana mpira na kuwataka wahesabu pasi. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, Petter Johansson, Lars Hall na wenzao walitumia mizungu halisi ya karata. Waliwaonyesha watu picha mbili za nyuso, wakawataka wachague ile inayopendeza zaidi, kisha kwa hila ya mkono wakawapa ile ambayo hawakuichagua na kuwauliza: kwa nini umeipenda hii? Mara nyingi watu hawakutambua mabadiliko. Walieleza sababu, na baadhi ya sababu walizitoa katika uso ambao walikuwa wameukataa. Na mwaka 2015 Jay Olson na wenzake, huko Kanada, waliichunguza kukirimu yenyewe. Mchezaji alizipekuza karata mbele ya macho ya mtu, huku karata moja ikionekana muda kidogo zaidi ya nyingine, kisha akamwambia achague yoyote. Watu 98 katika kila mia waliichagua ile ile, na wengi wao walisema walichagua kwa uhuru kamili.

Elimu ya namna hii haina upande, nayo itamtumikia anayeitwaa. Mwaka 1584, Reginald Scot, muungwana wa Kent, Uingereza, alichapisha The Discoverie of Witchcraft, na ndani yake akafichua hila za mipira, sarafu na karata. Alikuwa na sababu nzito kuliko ya kuchekesha: katika zama zile vikongwe walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, naye alitaka kuwaonyesha mahakimu jinsi jicho la binadamu linavyodanganyika kwa urahisi. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, bingwa wa mazingaombwe na mtengenezaji wa saa, aende Algeria kuwaonyesha wenyeji kwamba ajabu za Wafaransa zimezishinda za mashehe wao. Kwa masimulizi yake mwenyewe, aliweka jukwaani kisanduku kidogo, akamwita mtu mwenye nguvu akinyanyue, naye akakinyanyua. Kisha akamwambia kwamba amemnyang'anya nguvu zake. Chini ya jukwaa kulikuwa na sumaku ya umeme. Kisanduku kilikuwa na chuma kitakoni. Yule mtu alivuta hadi akachoka, na mwisho akapigwa na umeme wa mpini. Nimekisoma kisa hicho mara nyingi, na kila mara namfikiria yule mtu akirudi kwake usiku. Scot alifichua hila ili mnyonge asiuawe. Robert-Houdin aliificha ili mnyonge azidi kujiona mnyonge. Vidole na sumaku havikujua tofauti.

Tofauti hiyo ilinijia mlangoni kwangu. Katika mkesha wa arusi ya jirani, niliombwa niwachekeshe watu. Nilimtaka msichana mmoja atazame karata zikipita mbele yake, achague moja moyoni na asimwambie mtu. Nikamwambia: saba ya kopa. Alipiga ukelele, akinamama wakapiga vigelegele, na mambo yakaishia hapo, au hivyo nilivyodhani. Kesho yake, baada ya alasiri, alikuja bibi mmoja wa mtaani, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, msukaji wa mikeka. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Kisha akafungua pembe ya kanga yake, akatoa picha ya kijana na noti chache zilizokunjwa. Kijana huyo ni mwanawe, aliyekwenda Arabuni kutafuta kazi. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Kisha simu zikawa za mwezi kwa mwezi, kisha zikakatika, na ulikuwa mwaka wa tatu.

“Mwanangu,” alinambia, “wewe jana umeijua karata iliyokuwamo moyoni mwa mtoto wa watu. Nitazamie na huyu. Yu hai au hayupo?”

Niseme wazi nilichokijua wakati ule. Nilikuwa nimekisoma 13 Steps to Mentalism cha Tony Corinda, na nilijua namna ya kusema maneno mapana kwa sauti ya uhakika, kutazama uso wa msikilizaji, na kumwachia yeye akamilishe. Nilijua jaribio la Bertram Forer la mwaka 1948, aliyewapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye peke yake. Waliyapa wastani wa alama 4.26 katika 5, na kumbe maelezo yalikuwa yale yale kwa wote, yametolewa katika kitabu cha nyota. Ningeweza kumwambia Bi Mkubwa kwamba namwona kijana karibu na maji, kwamba ana mzigo moyoni, kwamba anamkumbuka mama yake zaidi wakati wa magharibi. Machozi yangemtoka na angeondoka amepumua. Maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga ulimini.

Sikuyasema. Nilizirudisha noti katika pembe ya kanga, nikaleta karata, nikavunja mwiko wa kwanza wa fani hii. Nilimwonyesha jinsi saba ya kopa inavyopewa nafasi ya kuonekana kidogo zaidi ya wenzake, nikamfanyia mara moja kwa haraka na mara mbili kwa pole. Alitazama kwa makini, kama mtu anayekagua ukili wa mwenziwe. Nilipomaliza akasema: “Haya, ya karata nimeyaona. Mimi sikukuuliza ya karata.”

Jibu hilo halimo katika kitabu chochote nilichonacho. Nilimwandikia barua kwa ofisi inayohusika na raia walioko nje, na nyingine mbili baadaye. Majibu yaliyokuja yalisema shauri linashughulikiwa. Bi Mkubwa hakungoja. Alikwenda shamba kwa mtu anayetazamia, akarudi na uso uliochanua. Ameambiwa kijana yu hai, yu karibu na maji, na atarudi kaskazi ikianza kuvuma. Aliniletea kisahani cha halua, ishara kwamba hana kinyongo nami kwa kushindwa kwangu. Kaskazi ikavuma, ikatulia, kusi ikashika. Nilipomwona tena nilijua ninachokiogopa, naye alikiona usoni mwangu akanitangulia: “Hakusema kaskazi gani.”

Wako watakaosema kwamba mtu yule wa shamba alitenda wema, na kwamba mimi, pamoja na vitabu vyangu, nilimnyima mama faraja ambayo haingenigharimu kitu. Nimelipima neno hilo kwa uadilifu. Faraja ni haki ya mwenye msiba, na mshairi anayetunga tenzi ya maombolezo huitoa bila ya kuulizwa ushahidi. Lakini tenzi haisemi kwamba maiti atarudi. Msikilizaji analia na anajua analilia nini. Aliyeambiwa kaskazi amepewa lindo lisilo na mwisho: hawezi kuomboleza, kwa kuwa kuomboleza kutakuwa kumkana mtoto, na hawezi kuacha kuhesabu pepo. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya kazi ameifanya mwenyewe. Mtazamiaji alimpa maneno mapana kama shuka. Yeye ndiye aliyeyakata na kuyashona yamkae mwanawe, kama wale wa Sweden waliotoa sababu za kuupenda uso walioukataa. Akili ya mapenzi hufanya hivyo, naye halaumiwi. Wa kuulizwa ni yule anayejua kwamba akili hufanya hivyo, kisha akapokea noti.

Tangu hapo nimejiwekea mpaka. Karata nazicheza, na nitaendelea kuzicheza, kwa kuwa kustaajabu pamoja ni sehemu ya maisha ya watu na raha yake ni halali. Kabla ya kuanza husema kwa sauti kwamba haya ni mizungu, ya vidole na ya macho. Ajabu ni kwamba tangazo hilo halipunguzi kitu. Watu hustaajabu vile vile, na pengine zaidi, kwa kuwa wameonywa. Ya kusoma nyoyo siyafanyi palipo na mtu mwenye swali. Na kama simjui, basi nachukulia kwamba analo, kwani katika visiwa hivi ni nyumba chache ambazo hazina mtu wa kungojewa.

Bi Mkubwa alikuja tena msimu uliofuata, mara hii bila ya picha. Alitaka nimfundishe ule mchezo wa saba ya kopa. Nilidhani itamchukua miezi, kama ilivyonichukua mimi na kinu changu cha shaba. Ilimchukua wiki mbili. Vidole vilivyosuka ukili kwa miaka hamsini vinajua kukipa kila kipande muda wake. Sasa huwachezea wajukuu wake barazani baada ya isha, na wakimuuliza vipi, huwaonyesha. Ya kaskazi hajanitajia tena, nami simuulizi.